Niambie Kweli Juu ya Picha Hii

Mazungumzo ya redioni
Somo: Matendo ya Mitume 18:24-28

Tunawasalimu ninyi mlio Kisumu mjini, Kondele na Nyalenda, Manyatta na Milimani. Ninyi mlio Ahero kwenye mashamba ya mpunga. Na ninyi mlio ng'ambo ya ghuba, Homa Bay, Mbita na Rusinga. Popote ulipo, sogea karibu na redio yako. Kama sufuria iko motoni, punguza moto, tuzungumze kidogo.

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo pengine hukutarajia kulisikia katika kipindi cha neno la Mungu. Tunataka kusema juu ya picha, picha hizi za kamera na za simu ambazo vijana wetu wanapiga kila siku. Na hasa tunataka kusema juu ya swali dogo ambalo kila anayeanza kazi hiyo huuliza. Anamkaribia mtu, anamwonyesha alichopiga, kisha anamwuliza, "Unaionaje?"

Ndugu msikilizaji, wewe hujibu nini unapoulizwa hivyo?

Zamani kupiga picha kulikuwa kazi ya watu wachache. Ulikwenda studio umevaa nguo yako ya Krismasi, ukasimama mbele ya pazia lililochorwa, ukaambiwa usipepese macho, kisha ukangoja siku kadhaa filamu isafishwe. Mkanda mmoja ulitoa picha 36, na kila moja ilikuwa na gharama yake, kwa hiyo mpiga picha alifikiri kabla ya kubonyeza. Siku hizi mambo yamegeuka. Nenda Dunga jioni ya Jumapili, utawaona vijana wamesimama kando ya mashua, kila mmoja ameinua simu yake, jua likizama ziwani. Wengine wamenunua kamera kwa jasho lao na wanatumaini kupata riziki kwa harusi, mazishi na sherehe za kumaliza shule.

Kazi hiyo si mchezo. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza kupiga picha akiwa mvulana tu. Mnamo Oktoba 1984 alikwenda Korem, Ethiopia, akapiga filamu ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Dunia ilipoiona, watu wa nchi nyingi wakafungua mikono yao wakatoa. Kwa hiyo tusimdharau kijana aliyeshika kamera. Huwezi kujua Mungu atamtumia kuonyesha nini. Lakini kila fundi huanza akiwa mwanafunzi, na mwanafunzi anahitaji mtu wa kumwambia kweli.

Hebu tumfikirie kijana mmoja wa kwaya. Jina lake halihitajiki, kwa maana kijana wa namna hii yuko karibu katika kila kanisa. Mjomba wake amempa kamera. Anapiga picha za kwaya, anapiga picha za watoto wa shule ya Jumapili, anapiga picha za ubatizo ziwani. Ibada ikiisha anasimama chini ya mti na kuwaonyesha watu. Akina mama wanamwambia, "Nzuri sana, mwanangu, Mungu akubariki." Wenzake wanamwambia, "Hapo umeweza!" Mwenyekiti wa vijana anapita haraka, anatazama mara moja, anasema, "Endelea hivyo hivyo." Naye anaendelea hivyo hivyo.

Lakini picha zile zina kasoro moja, nayo iko wazi kwa kila mwenye macho. Nyuso hazionekani. Ziwa limetoka vizuri, mawingu yametoka vizuri, mavazi meupe ya ubatizo yanang'aa. Ila nyuso za watu ni nyeusi kama masizi ya chungu. Huoni jicho wala tabasamu.

Sababu yake haina fumbo. Kamera ina kipimo cha mwanga ndani yake, na kipimo hicho hakijui mtu wala maji. Kinatazama mwanga wote ulio mbele yake na kudhani kwamba ukiuchanganya pamoja utapata rangi ya kijivu ya kati na kati. Sasa msimamishe mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ziwa saa nane mchana, maji yanameta kama bati jipya. Kamera inakuta mwanga mwingi, inaupunguza. Ikiupunguza, maji yanapendeza, na uso wa mtu unazama gizani. Simu nyingi za siku hizi hujaribu kuutafuta uso na kuusaidia, lakini hata hizo hushindwa pale maji yanapong'aa sana.

Dawa yake ni rahisi, mtu akiambiwa. Mgeuze mtu, mwanga umwangukie usoni badala ya kumpiga mgongoni. Au mwingize kivulini. Au msogelee mpaka uso wake ujae kwenye picha, upime mwanga wa uso wenyewe. Au ngoja tu. Sisi tunaishi karibu kabisa na ikweta. Mstari wenyewe unapita pale Maseno. Jua letu la adhuhuri hukaa utosini, nalo huchimba mashimo meusi chini ya nyusi. Ngoja saa kumi na moja jioni, jua likiteremka upande wa ziwa, mwanga wake ukawa laini. Mwelekeze mtu huko, uone jinsi uso wake utakavyotoka.

Wapendwa, maneno hayo hayamalizi dakika tano. Lakini mwaka mzima hakuna aliyemwambia kijana yule.

Basi ikaja siku ambayo mzee mmoja wa kanisa, mwenye umri wa miaka zaidi ya 80, alifanyiwa ibada ya shukrani kwa utumishi wake. Ibada ikafanyika ufuoni. Kijana wetu akaitwa apige picha, kwani kila mtu alikuwa akisema anapiga vizuri. Akampiga mzee amesimama na fimbo yake, ziwa likiwa nyuma yake. Baada ya miezi mitatu Bwana akamwita mzee nyumbani. Jamaa wakatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza na ya kuchapa kwenye ratiba ya mazishi. Hawakuwa na nyingine ya miaka ya karibuni ila ile. Fimbo inaonekana. Koti linaonekana. Ziwa linaonekana kwa fahari yake yote. Uso wa baba yao haupo. Fundi wa kuchapa akajaribu kuuongezea mwanga, ukatoka wa kijivu, wenye madoadoa, kama uso wa mtu asiyejulikana.

Tunauliza: ni nani aliyeupoteza uso ule? Je, ni kijana peke yake? Hapana. Kila aliyetazama picha zake akaona giza lile, kisha akasema "nzuri sana", ana fungu lake. Walidhani wanampa kijana zawadi. Kumbe walikuwa wanakopa, na deni likaja kulipwa na mjane siku ya msiba wake. Wazee wetu walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi hatumtetei mgema wala tembo lake, lakini methali ni ya kweli. Sifa isiyo na ukweli huharibu mkono wa fundi.

Hata hivyo liko kosa la pili, nalo ni baya kama la kwanza. Yuko mtu ambaye angeiona kasoro ile akaichukua picha, akaiinua mbele ya kwaya nzima, akacheka na kusema, "Hii ni picha au ni gunia la makaa?" Amesema kweli? Ndiyo, nusu yake. Lakini kijana angekwenda nyumbani, akaifungia kamera sandukuni, asiiguse tena. Wa kwanza alimwacha kijana gizani kwa kumpendeza. Wa pili angemsukuma gizani kwa kumdhihaki. Wote wawili hawakumfundisha hata neno moja juu ya mwanga.

Basi tumwendee mtu wa tatu. Fungua Biblia yako katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, kuanzia mstari wa 24. Hapo tunamkuta Apolo, mwenyeji wa Iskanderia, mtu mwenye elimu na ulimi wa kusema, tena anayeyajua Maandiko. Amefika Efeso. Moyo wake unawaka, anahubiri kwa ujasiri katika sinagogi. Lakini habari anayoijua imeishia kwenye ubatizo wa Yohana. Kuna sehemu ya picha ambayo bado iko gizani kwake, naye hajui kwamba iko gizani.

Katika watu wanaomsikiliza wapo mume na mke, Akila na Prisila, mafundi wa kushona hema waliowahi kukaa na Paulo na kufanya kazi pamoja naye. Wanaiona kasoro mara moja. Wanafanya nini? Hawanyamazi na kusema, "Ah, kijana anajua kusema, mwache tu." Wala hawasimami katikati ya sinagogi na kumkatiza mbele ya watu. Luka anatueleza kwamba walimchukua kwao, wakamfafanulia njia ya Mungu vizuri zaidi ya alivyoijua. Mambo mawili tu: wakamchukua, wakamfafanulia.

Tazama yaliyofuata. Apolo hakuacha kuhubiri. Ndugu wa Efeso wakamwandikia barua ya kumsifu kwa wanafunzi wa Akaya, naye alipofika huko akawasaidia sana walioamini. Kanisa zima la Korintho lilikula matunda ya mazungumzo yale ya faragha. Kama Prisila na Akila wangenyamaza, Akaya ingepokea mhubiri mwenye ufasaha mkubwa na habari pungufu. Kama wangemwaibisha, huenda Akaya isingepokea mtu.

Kutoka hapo tunajifunza namna ya kumjibu yule anayetuuliza, "Unaionaje?"

Kwanza, mwite kando. Sifa inaweza kusemwa hadharani, lakini marekebisho yanapenda kivuli. Bwana Yesu mwenyewe, katika Mathayo 18:15, alituagiza kwamba ndugu aliyekosa tuanze kuzungumza naye tukiwa wawili tu. Ikiwa tunamfanyia hivyo aliyekosa, je, si zaidi yule ambaye hajakosa, bali anajifunza tu?

Pili, sema kitu chenye maana. "Nzuri" haimfundishi mtu. "Mbaya" nayo haimfundishi. Sema: "Picha hii umeipiga kwa wakati mzuri, huyu mama alikuwa anacheka kweli. Lakini tazama, mstari wa ziwa umelala upande, kana kwamba maji yatamwagika. Na tazama hapa, nguzo ya stima imeota kichwani mwa mchungaji." Hapo umempa kitu cha kushika mkononi. Na kama wewe si fundi wa picha, bado una macho. Sema tu ulichoona: "Mwanangu, simwoni baba usoni." Maneno hayo machache yangetosha kuokoa uso wa mzee wetu.

Tatu, mwonyeshe hatua ya kufuata. Prisila na Akila hawakumwambia Apolo kwamba amepungukiwa, kisha wakamfungia mlango. Walimjaza pale palipopungua. Mwambie kijana, "Jumapili ijayo mpeleke chini ya mwembe, jaribu tena, kisha uniletee niione." Ukisema "niletee niione", umemwahidi kwamba hutamwacha njiani.

Sasa tugeuke kwako, kijana unayeanza. Na wewe una wajibu wako. Usiwaulize watu hamsini. Chagua wawili au watatu wanaokupenda kiasi cha kukuambia kweli, na mmoja wao awe anaijua kazi. Usiwapelekee picha mia moja, utawachosha, peleka tano. Na katika hizo tano, tia moja ambayo unajua haikutoka vizuri, kwa maana mgonjwa anayemwonyesha daktari mkono wake mzima hatapona mguu. Wakianza kusema, funga kinywa. Usiseme, "Jua lilikuwa kali," au "Nilikuwa na haraka." Hutakuwapo kuyasema hayo kila mara mtu atakapoitazama picha yako. Picha itasimama peke yake.

Na kama swali lako halikuwa swali, bali ulikuwa unaomba sifa, ujue hivyo. Mithali 27:6 inatufundisha kwamba jeraha kutoka kwa rafiki linaaminika kuliko mabusu ya adui. Mtu aliyekuumiza kidogo kwa ajili ya kazi yako amekupa sehemu ya wakati wake, tena amehatarisha urafiki wenu. Mwambie asante, kisha uende ukajaribu alichosema.

Lakini yuko mwamuzi mmoja ambaye wapiga picha wengi humsahau. Mwamuzi huyo ni yule aliye ndani ya picha.

Mwaka 1936 mwanachuoni Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alikuja huku Nyanza kujifunza maisha ya Wajaluo, akapiga picha za watu, za nyumba na za mila. Picha hizo zikaenda Uingereza, zikahifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Pitt Rivers huko Oxford. Wasomi wakazitazama. Mnamo mwaka 2007 nakala za picha za zamani zilizohifadhiwa huko, pamoja na zile za Evans-Pritchard, zililetwa nyumbani na kuonyeshwa huku huku Nyanza, katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyawaza ya kale. Hesabu mwenyewe. Kutoka 1936 hadi 2007 ni miaka 71. Wengi waliosimama mbele ya kamera ile walikuwa wamekwisha kulala mauti kabla watu wao hawajapata nafasi ya kuzitazama picha hizo na kusema neno lao juu yake.

Vijana wetu, ninyi hamna haja ya kungoja miaka 71. Tuseme umempiga picha mama anayekaanga samaki ufuoni. Wenzako wanasifu moshi, wanasifu rangi ya ngege kwenye mafuta. Mwendee yeye mwenyewe. Mwamkie, mwonyeshe, mwulize, "Mama, unaionaje?" Labda atacheka na kuomba nakala. Labda atakuambia, "Nyathina, mbona umenipiga na kanga iliyochanika? Watoto wangu wataiona hii. Ungenipa nafasi nijifunge vizuri." Mafundi wote wanaweza kuisifu picha ile, na bado mama huyu akawa ndiye aliyesema kweli kuliko wote. Aliumbwa kwa mfano wa Mungu kabla hujaifungua lenzi yako. Akikuambia picha ile inamwaibisha, iondoe, urudi na nyingine.

Wapendwa wasikilizaji, bila shaka mmekwisha kuona kwamba jambo hili limevuka mipaka ya kamera. Mhubiri kijana anashuka mimbarani na kuuliza, "Mahubiri yalikuwaje?" Kiongozi wa kwaya anauliza, "Tuliimbaje?" Mweka hazina anasoma hesabu na kuuliza kama kuna swali. Bibi arusi mtarajiwa anawauliza dada zake, "Mnamwonaje huyu ninayetaka kuolewa naye?" Nao wote mara nyingi wanapewa jibu lile lile: "Nzuri sana, endelea." Kisha baada ya miaka tunashangaa kuona nyumba imevunjika, au fedha za kanisa hazipo, au mhubiri amepotea na kundi lake. Kasoro ilikuwa ikionekana. Tulikosa tu mtu wa kuitana kando.

Wiki hii, msikilizaji, tunakuomba ufanye jambo moja. Kama kuna kijana anayekuonyesha kazi ya mikono yake, iwe picha, nguo aliyoshona au shairi aliloandika, usimpe neno moja la haraka. Keti naye. Tazama kweli. Mwambie lililo jema, mwambie lililopungua, mwambie ajaribu nini kesho. Na kama wewe ndiwe unayeuliza, omba moyo wa Apolo, ambaye kwa elimu yake yote alikubali kukaa chini na kufundishwa na mafundi wa kushona hema.

Na juu ya hayo yote, yuko Mmoja anayetutazama bila kudanganywa na mwanga unaong'aa nyuma yetu. Watu huona fimbo, koti na fahari ya ziwa. Yeye hutafuta uso. Mwandishi wa Zaburi ya 139 hakuogopa kumwomba Mungu amchunguze hadi moyoni na kumwonyesha njia yoyote mbaya iliyomo ndani yake. Naye alithubutu kuomba hivyo kwa sababu alijua kwamba anayemchunguza anampenda.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, tunakushukuru kwa macho uliyotupa na kwa mikono ya vijana wetu. Utuondolee ulimi wa kubembeleza, utuondolee na ulimi wa kudhihaki. Utupe kusema kweli kwa upendo, na kuipokea kweli bila uchungu. Uwafariji wote wanaowakumbuka wapendwa wao bila hata picha moja iliyobaki. Wewe unazijua nyuso zao. Tunaomba hayo katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Kwa leo tunakomea hapo, wasikilizaji wapendwa. Bwana awabariki na kuwalinda.